Nyamgondho aligeuka, aligeuzwa au alijigeuza? Urithi wa mwana wa Ombare

NYAMGONDHO mwana wa Ombare ni miongoni mwa wahusika wachache wa fasihi simulizi ya Kenya wanaojulikana mbali na kwao. Mtoto wa Rusinga anamjua, wa Kisumu anamjua, na hata mwanafunzi wa Mombasa au Meru amewahi kumkuta katika kitabu cha fasihi au katika kipindi cha redio. Lakini kujulikana si kueleweka. Naam, nadiriki kusema kwamba kadiri tunavyoifundisha hadithi hii darasani ndivyo tunavyozidi kuipunguza. Leo nataka kuonyesha kwamba upungufu huo unaanzia kwenye kitenzi kimoja tu cha Kiswahili.

Kwa faida ya msomaji asiyeijua, hadithi yenyewe ni hii. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini wa Gwassi, kwenye ufuo wa ziwa upande wa kusini mwa Rusinga. Siku moja mtego wake ulinasa mwanamke mzee, chongo, asiyetamanika. Akataka kumrudisha majini. Mwanamke akamsihi amchukue nyumbani. Akamchukua, na tangu siku hiyo boma likaanza kujaa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Nyamgondho akawa tajiri wa kuogopwa, akaoa wake wengine, akazoea pombe na baraza za wakubwa. Usiku mmoja alirudi amelewa, akakuta lango limefungwa. Akabisha, na alipocheleweshwa kufunguliwa akamtukana yule mwanamke na kumkumbusha kwamba alimwopoa ziwani. Mwanamke hakujibu. Alishika njia ya ziwani, na nyuma yake wakafuata ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, wote wakazama. Nyamgondho aliwafuata hadi ufuoni, akasimama akiegemea fimbo yake na kuyatazama maji. Hapo hapo akawa mti. Wengine husema akawa jiwe. Ukienda Nyandiwa leo wenyeji watakuonyesha mahali, na watakuonyesha miamba yenye alama wanazosema ni kwato za ng'ombe waliokuwa wakirudi majini.

Sasa muulize mwanafunzi wa shule ya upili hadithi hii inafunza nini. Atakujibu bila kusita: ulevi ni mbaya, kiburi si maungwana, tuwaheshimu wake zetu. Alama tatu, au nne akiongeza kwamba mtaka yote hukosa yote. Kisha muulize ni ngano ya aina gani. Hapo ataanza kujikuna kichwa. Si hurafa, kwa kuwa wanyama wake hawasemi neno hata moja. Si ngano ya mazimwi, maana yule mwanamke hali watu. Ni ya usuli? Labda, ikiwa tunaeleza asili ya mti au mwamba fulani. Ni kisasili? Ni mighani? Mighani huwa na shujaa, na Nyamgondho si shujaa wa chochote. Simlaumu mwanafunzi. Masanduku tuliyomchongea hayatoshi kuubeba mzigo huu.

Hoja yangu ni kwamba hadithi ya Nyamgondho haihusu ulevi. Inahusu urithi. Inauliza baba akiondoka ameacha nini, na alichoacha kilikuwa chake kweli?

Tuanze na jina. Hakuna msimulizi anayesema "Nyamgondho" akaishia hapo. Ni Nyamgondho wuod Ombare, yaani mwana wa Ombare. Huyu Ombare ni nani? Hatuambiwi. Haonekani, hasemi, hatendi. Katika toleo linalofahamika zaidi hatuambiwi hata kama yu hai au alikwisha kufa hadithi inapoanza. Lakini jina lake linatajwa kila mara mwanawe anapotajwa, na limevuka karne nzima huku majina ya maelfu ya watu waliofuga ng'ombe wengi kuliko yeye yakiwa yamesahaulika. Tazama kejeli ya jambo hili. Ombare anakumbukwa kwa sababu mwanawe alipoteza kila kitu. Laiti Nyamgondho angekuwa tajiri aliyekufa tajiri, nani leo angemtaja babaye?

Upande wa pili, yule mwanamke hana jina katika toleo hilo hilo. Aliyeleta mali yote hakupewa jina, na aliyepewa jina hakuleta kitu. Mhakiki anayeipita tofauti hiyo bila kuitazama amepitwa na nusu ya hadithi.

Tuitazame mali sasa. Kwa kawaida tunasema Nyamgondho "alikuwa na" ng'ombe. Lakini mwenendo wa hadithi unasema vingine. Ng'ombe hawakununuliwa, hawakurithiwa, hawakutekwa vitani, hawakutolewa mahari. Walikuja na mwanamke na wakaondoka na mwanamke. Hawakuswagwa. Hadithi haisemi kwamba mwanamke alichukua kiboko akawapeleka, bali kwamba walimfuata. Ukinitaka nieleze uhusiano wao, nitasema hao walikuwa familia moja: mwanamke, ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Walitoka majini wakachukua maumbo ya nchi kavu, wakaishi kwenye boma la mtu kwa muda, wakarudi kwao. Katika boma lile, mgeni alikuwa Nyamgondho. Yeye peke yake hakutoka ziwani, na yeye peke yake alibaki ufuoni wengine walipokwenda.

Hapo ndipo suala la urithi linaposhika makali. Katika jamii za ufuo ule, kama ilivyo katika jamii nyingi za wafugaji, ng'ombe ndio mkataba kati ya baba na wana. Kwa ng'ombe mwana ataoa, na kwa kuoa jina la baba litaendelea. Nyamgondho alijiona baba mkubwa kwa hesabu ya mifugo ambayo haikuwa na tone la jasho la Ombare. Tusi lake usiku ule, pamoja na kuwa dharau kwa mke, lilikuwa dai la umiliki. Alipomwambia "nilikuopoa ziwani," alikuwa akisema kwamba mwanamke ni mali yake, na kwa hivyo vyote vilivyokuja naye ni mali yake. Jibu la mwanamke lilikuwa kuonyesha, bila neno lolote, nani alikuwa mali ya nani.

Nikiitazama hadithi hii kwa macho ya anayekijua kisiwa cha Rusinga na fuo za Mbita, naona ingali hai kabisa. Kila asubuhi mashua zinapofika na omena na sangara, wenye mashua kwa kawaida ni wanaume, na wanaosubiri ufuoni na beseni zao ni wanawake. Uhaba wa samaki umezaa ule mtindo unaoitwa jaboya, ambapo mwanamke hulazimika kujitoa mwilini ili apate samaki wa kuuza. Madaktari na watafiti wa Ukimwi wameandika mengi juu ya janga hilo. Lakini fasihi ya ufuo huo huo ilikuwa imesema kitambo kwamba utajiri wa ziwa ulikuja na mwanamke, na unaweza kuondoka naye. Tunaposema hadithi inafunza "tuache pombe" tunaiondolea hoja ambayo ingewachoma wengi pale ufuoni.

Sasa nirejee kwenye kile kitenzi nilichokitaja mwanzoni.

Katika Dholuo, msimulizi akifika mwisho wa hadithi husema Nyamgondho "nolokore" mti. Kitenzi ni loko, yaani kugeuza, nacho kimeongezwa kiambishi -re. Kiambishi hiki kina kazi mbili. Mtu akioga, utasema "oluokore", amejiosha: mtenda na mtendwa ni yeye mwenyewe. Kikombe kikipata ufa, utasema "okombe obarore": kimepasuka, na hakuna anayedhani kikombe kilikaa kikaamua kujipasua. Kiambishi ni kile kile. Basi msikilizaji wa Dholuo anaposikia "nolokore" hajaambiwa kama mzee yule alijigeuza kwa hiari, aligeuka tu kama kitu kinachotokea, au kuna nguvu iliyomfanya awe hivyo. Yote yamo katika neno moja, na msikilizaji huondoka nalo likiwa zima.

Kiswahili, kwa utajiri wake wa kauli za vitenzi, hakikuruhusu kuwa na neno hilo moja. Kinakulazimisha uchague. Ukisema aligeuka, umetumia umbo linalonyamaza kuhusu mtendaji, sawa na mtoto anayemwambia mamake "kikombe kimevunjika" akitumaini hataulizwa nani alikivunja. Ukisema aligeuzwa, umemwingiza mtu wa tatu kwenye hadithi: kuna aliyemgeuza. Ukisema alijigeuza, kiambishi -ji- kinamfanya mwenyewe kuwa mhusika mkuu wa tendo, na msikilizaji wa pwani atakumbuka mara moja wachawi wanaojigeuza paka na majini wanaojigeuza wasichana warembo.

Katika insha za wanafunzi ninazosahihisha, na katika muhtasari mwingi wa hadithi hii kwa Kiswahili, neno linaloshinda ni aligeuzwa. Nyamgondho aligeuzwa mti kwa sababu ya kiburi chake. Ukishatamka hivyo, kazi imekwisha. Aliyegeuza ni Mungu au mizimu, kugeuzwa ni adhabu, na adhabu ina sababu, nayo ni ulevi. Mafunzo yote tunayoyaandika ubaoni yanatoka kwenye silabi moja ya kauli ya kutendwa! Hatukuyatoa katika hadithi, bali tuliyatia humo wakati wa kutafsiri.

Mimi napendekeza aligeuka. Sisemi hivyo kwa sababu ya kupenda utata kwa ajili ya utata, bali kwa sababu hadithi yenyewe haina hakimu. Mwanamke hakulaani. Hakuna radi, hakuna sauti kutoka mawinguni. Kuna mzee, fimbo yake, na maji. Anayeona adhabu hapo ana haki yake, lakini aithibitishe kwa matini.

Kwani kuna usomaji mwingine. Mila za ufuo ule zina alama ya baba wa nyumba. Katika nyumba ya Mluo wa zamani kulikuwa na kijiti kilichochomoza kileleni mwa paa, kiitwacho osuri. Kijiti hicho kikisimama, mwenye nyumba yu hai. Akifa, kinaondolewa, na kila apitaye hujua. Mti na mzee, basi, vilikuwa na lugha yao kabla ya hadithi kusimuliwa. Nyamgondho amepoteza ng'ombe, amepoteza mke, hana cha kumwachia mtu. Alichobaki nacho ni fimbo, nayo ndiyo kitambulisho cha mzee. Fimbo ikaota mizizi, naye akawa mti uliosimama mahali hapo, usioondolewa paani na yeyote. Huyu ni baba aliyefilisika anayejitoa yeye mwenyewe kuwa urithi. Hakuacha mali, akaacha alama na simulizi. Ukisoma hivyo, hata alijigeuza si kosa. Ni tendo la mwisho la mtu aliyekuwa ametenda mabaya mengi.

Msomaji anaweza kuniuliza: Profesa, mbona unapapasa sana jambo la ngano? Watu hawageuki miti, wala ng'ombe hawatoki majini. Kweli. Lakini anayedhani kugeuka huku ni pambo la kufurahisha watoto hajatazama jamii zilizolizunguka ziwa zilivyouelewa uhusiano wa mtu na mnyama. Masimulizi ya Abasuba, watu wa Rusinga, Mfangano na Gwassi, yanasema wengi wa wahenga wao walivuka ziwa kutoka upande wa Buganda na Busoga. Mwanahistoria Henry Okello Ayot aliyafuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu historia ya watu hawa tangu mwaka 1760. Na kule Buganda walikotajwa kutoka, mtoto hurithi kwa babaye mnyama. Kila ukoo una muziro wake: kuna wa mbega, wa fungo, wa kambaremamba na wengineo. Mtoto huzaliwa ndani ya mnyama wa baba, na mnyama huyo hamli. Baba anaweza kufa bila shamba wala ng'ombe, lakini mnyama wa ukoo atabaki kwa wana na kwa wajukuu. Huo ndio urithi ambao hakuna mdai anayeweza kuunadi.

Wala tusidhani hayo ni ya kale tu. Mwaka 1987 chatu mkubwa wa Nyakach aliyeitwa Omieri alijeruhiwa kwa moto, wataalamu wa makavazi wakajaribu kumtibu, akafa. Kwa wenyeji wengi huyo hakuwa nyoka tu. Masimulizi yao yanamhusisha na mwanamke wa zamani, na kufika kwake ni ishara ya mvua na mavuno. Walimwomboleza kama mtu wa nyumbani. Mwaka 2003 chatu mwingine alipoonekana huko huko, jina lilikuwa tayari: Omieri amerudi. Wahifadhi wa wanyama waliona spishi, waandishi wa habari wakaona kioja, na wenyeji wakamwona jamaa yao aliyerejea. Mhakiki wa fasihi hana budi kuanzia kwa hao wa mwisho, kwa sababu hadithi ni yao.

Ulinganisho na Afrika Magharibi unasaidia. Katika utendi wa Sundiata wa Wamandinka, ambao D. T. Niane aliutoa kwa Kifaransa mwaka 1960, shujaa ni mwana wa mfalme mwenye nembo ya simba, na mamake Sogolon amebeba roho ya nyati. Mtoto ni simba kwa baba na nyati kwa mama. Mfalme akikaribia kufa, mwanawe ni kiwete anayechekwa na watu, na kiti kitakwenda kwa mwingine. Anamwachia nini? Anamkabidhi manju wake, Balla Fasséké, mtunza historia na maneno. Mfalme yule alijua kwamba dola inaweza kunyang'anywa lakini maneno yatamrejesha mwana kwenye haki yake, na ndivyo ilivyokuwa. Nyamgondho hakuwa na manju. Lakini ziwani kwetu kazi ya manju ilifanywa na kikongwe, pim, katika nyumba ya siwindhe ambamo watoto walilala na kusimuliwa. Simba wa Mali alisifiwa na manju wa kuajiriwa na mfalme, na mvuvi wa Gwassi akasimuliwa na bibi asiyelipwa na mtu. Wote wawili wapo hadi leo.

Jambo hili lina funzo kwa wahakiki wa riwaya pia. Kezilahabi alipoandika *Nagona* mwaka 1990, na Said Ahmed Mohamed alipomfufua babu mzima katika *Babu Alipofufuka* mwaka 2001 aje kumuuliza mjukuu amefanya nini na urithi aliopokea, wengi wetu tulikimbilia Amerika ya Kusini kutafuta asili ya mtindo huo. Tukamtaja García Márquez, tukaita uhalisia-ajabu, tukatulia. Sikatai kwamba waandishi husomana. Lakini mwanafunzi aliyekulia Rusinga akisoma kuhusu mfu anayerudi kudai hesabu ya urithi hahitaji viza ya Colombia kuelewa. Avuke tu hadi Nyandiwa.

Nimeacha jambo zito zaidi mwisho, nalo ni lugha.

Tunaiita hadithi ya Nyamgondho "ngano ya Waluo". Imesimuliwa na kuchapishwa kwa Dholuo, na mimi mwenyewe nimeichambua hapa kwa kitenzi cha Dholuo. Lakini Gwassi ni nchi ya Abasuba. Lugha ya asili ya ufuo ule, kama ya Rusinga na Mfangano, ilikuwa Kisuba, lugha ya Kibantu, na hata Kiswahili hiki ni binamu yake. Leo Rusinga, kisiwa chenye jina linalovuma kwa Kibantu, huzungumza Dholuo. Wazee wanaokimudu Kisuba wanapungua, na shirika la UNESCO limekiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Tom Mboya, mwana wa Rusinga aliyezaliwa mwaka 1930 na kuuawa Nairobi Julai 5, 1969, alijulikana duniani kote kama kiongozi wa Kiluo, na kaburi lake kisiwani humo hutembelewa hivyo. Ni wangapi wanaokumbuka kwamba asili yake ni Abasuba?

Basi tulirudie swali letu la sarufi, mara hii kuhusu watu wazima na si kuhusu mzee mmoja. Abasuba waligeuka, waligeuzwa au walijigeuza Waluo? Anayesema waligeuzwa atataja serikali ya kikoloni iliyowaweka chini ya utawala wa Kiluo, na wamisheni, kama Waadventista waliofika Gendia mwaka 1906, waliofundisha na kuchapisha kwa Dholuo, hata aliyetaka kusoma akalazimika kukiacha Kisuba mlangoni. Ana ushahidi. Anayesema walijigeuza atataja ndoa, biashara ya samaki, na wazazi walioona faida ya lugha ya walio wengi wakawafunza wanao hiyo. Naye ana ushahidi. Atakayesema waligeuka tu atakuwa kama yule mtoto wa kikombe: ametwambia kweli, lakini ameficha mkono uliokiangusha. Ndiyo maana nasema uchaguzi wa kauli si suala la alama mbili katika karatasi ya sarufi. Katika ngano, aligeuka ndiyo kauli ya haki kwa sababu matini hayana mtendaji. Katika historia, kauli hiyo hiyo inaweza kuwa njia ya kukwepa lawama, kwa sababu watendaji wapo na wana majina.

Na kisa cha Ombare kinajirudia hapa kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Akaitwa Proconsul, na kwa miaka mingi vitabu vikamtaja miongoni mwa wanyama wanaosaidia kueleza chimbuko la ukoo wetu. Mwaka 2015 wanasayansi waliwatenga viumbe wa Rusinga na Mfangano na kuwapa jina jipya, Ekembo, neno la Kisuba la kumtaja sokwe. Fikiria. Lugha inayokosa watoto wa kuizungumza imepata nafasi ya kudumu katika vitabu vya sayansi, na nafasi yenyewe ni jina la mnyama aliyekwisha kutoweka. Kama Ombare, Kisuba kiko hatarini kukumbukwa kwa jina tu.

Si lazima iwe hivyo. Huko Mfangano kuna redio ya jamii, Ekialo Kiona, inayotangaza kwa Kisuba, na kuna makumbusho ya Abasuba yanayohifadhi urithi wao. Jitihada hizo ni za kupongezwa. Lakini sera yetu inayotaka lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini huitazama lugha ya walio wengi, na kwa mtoto wa Rusinga hiyo ni Dholuo. Mtoto huyo ataisoma hadithi ya Nyamgondho kwa Dholuo, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na hataisikia hata mara moja kwa lugha ya babu za babu zake, watu wa ufuo huo huo.

Kwa walimu wa Kiswahili ninalo ombi moja lisilohitaji bajeti. Mkifika kwenye hadithi hii, acheni mafunzo kwanza. Wape wanafunzi sentensi ya mwisho kwa kauli tatu, aligeuka, aligeuzwa, alijigeuza, na mwulize kila mmoja ni nani anayebeba lawama katika kila sentensi, na anarithi nani. Kisha watume nyumbani wakawaulize wazee sentensi hiyo husemwaje kwa lugha yao. Darasa lenye Mgusii, Mluo, Mkuria na Msuba litarudi na majibu manne, na hapo mtakuwa na somo la isimu, la fasihi na la historia kwa saa moja. Wa Rusinga wafanye haraka kidogo kuliko wengine. Wale wa kuulizwa kwa Kisuba hawatatusubiri muhula ujao.